Mchirizi wa Buluu

Nitaanza na meza, maana ndiyo chanzo cha ugomvi wangu na shemeji. Ni meza ya kulia ya watu sita, na tangu nihamie kwa dada yangu baada ya kufiwa na mume sijaona mtu akila chakula juu yake. Upande wa dirishani ni wa cherehani yangu. Upande wa ukutani ni wa ndege za kivita za mume wa dada. Katikati dada ameweka kitambaa cheupe na chombo cha maua, ndio mpaka, na mpaka huo una miguu: ukienda msalani, ukirudi unaukuta umesogea. Chakula tunakula tumepakata sahani.

Shemeji alikuwa fundi wa ndege jeshini miaka ishirini na sita. Alipostaafu, wenzake walifungua maduka, wengine wakafuga kuku. Yeye alinunua kisanduku cha vipande vya plastiki, gundi na kibano, akaanza kuunda ndege zilezile alizozitumikia, ila ndogo. Moja kwa arobaini na nane, ndivyo wanavyosema wenyewe: ukizipanga arobaini na nane pua kwa mkia, unapata urefu wa ndege moja ya kweli. Rubani wake akisimama hafiki nusu ya kidole changu cha kati.

Uraibu huu unakula nyumba. Vijiti vya meno, pamba ya masikioni, chujio la chai, vyote vilikwenda na maji. Siku nilipokuta dawa yangu ya nywele ya kupuliza imebaki kopo tupu nilikuja juu kweli. Shemeji akanieleza taratibu, kama mwalimu. Unapaka plastiki rangi ya fedha kwanza, unapulizia dawa ya nywele, juu yake unapaka kijani cha jeshi. Ikikauka unachukua brashi yenye maji, unasugua pale ambapo buti la fundi lingekanyaga, na kijani kinabanduka, fedha inachungulia. Kazi hiyo wanaiita kuzeesha. Ndege mpya kutoka kisandukuni inazeeshwa mpaka ionekane imekula chumvi nyingi.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi nanunua dawa ile nisizeeke, wewe unazeeshea ndege?"

"Wewe huna haja ya msaada, shemeji," akasema, na macho hakuyainua.

Ila kuzeesha kwake kulikuwa kwa kinyonge. Mkwaruzo mmoja mlangoni, masizi kidogo nyuma ya bomba la moshi, basi. Vumbi hakuweka, tope hakuweka, mafuta ndiyo kabisa. Katika chama chao cha watu wanane mwenyekiti ni daktari wa meno, ambaye huwagawia wenzake vyuma vyake vilivyochakaa wachongee mistari ya mabati, na yeye ndiye bingwa wa kuzeesha. Ndege zake zina kutu mpaka kwenye vioo.

"Alumini haishiki kutu, Daktari," shemeji humwambia kila mwaka.

"Lakini inapendeza," hujibu daktari, na kila mwaka kwenye maonyesho ya chama yeye ndiye wa kwanza. Shemeji huwa wa mwisho, isipokuwa mwaka ule mwenzake alipoiangusha ya kwake mlangoni. Wakampa jina la Sabuni. Hakulichukia. Ukutani, juu ya upande wake wa meza, kilining'inia cheti cha jeshi chenye kioo, cha fundi aliyetunza ndege safi kuliko zote kambini, na dada alikuwa akikipangusa vumbi kila Ijumaa.

Sasa yuko mtu mwingine mjini kwetu, mwalimu wa udereva, mzee mrefu asiye na maneno mengi, ambaye watu wote humwita Nusu Tangi. Mafuta ya gari lake hayajawahi kushuka chini ya nusu. Mshale ukikaribia hapo, hata kama mwanafunzi ndio kwanza anajifunza kurudi nyuma, somo linakatishwa wanakwenda kujaza. Watu wanacheka, naye anawaacha wacheke. Zamani alikuwa rubani wa jeshi. Aliishiwa mafuta angani, ikasemwa ni uzembe, akanyang'anywa ndege asirushe tena. Hayo kila mtu aliyajua. Nisilolijua mimi ni kwa nini shemeji, akiliona lile gari lenye kibao cha mafunzo, anavuka barabara.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya maonyesho ya chama, shemeji alirudi kutoka kwa kinyozi amenyolewa upande mmoja.

Dada alimtazama, akanitazama. Tulimuuliza, akasema kinyozi ana haraka. Uongo wa mchana kweupe, maana kinyozi yule nguo zake nashona mimi, na kesho yake alikuja kuchukua suruali, na mtu akija kwangu haondoki bila kusema. Alisema Nusu Tangi alikuwa kiti cha pili, anawaaga watu: mwisho wa mwezi ujao anahamia kwa binti yake, mbali, harudi. Wakaanza kumtania habari za mafuta. Miaka yote mzee yule akitaniwa hivyo hubisha, husema hesabu yake ya siku ile ilikuwa sawa. Safari hii alicheka pamoja nao. "Nimezeeka, ndugu zangu, acha nikubali," alisema. "Nilikosea hesabu." Hapo shemeji akasimama na kile kitambaa shingoni, akatoka nacho mpaka barabarani.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilijua kuna kitu kati ya wazee hawa wawili, na kwamba mwenye nacho ni wa kwetu, na siku zake zinahesabika.

Wiki hiyohiyo alileta kisanduku kipya. Ndege ndogo ya upelelezi, injini moja, mabawa yamekaa juu ya kichwa cha rubani. Alikuwa ameunda kumi na nne katika miaka tisa, na hii hakuwahi kuigusa, ingawa ndiyo aliyoitumikia kuliko zote. Aliiunda kwa siku kumi, bila redio, bila kunitania. Kisha akaanza jambo lililonishangaza: alikorogea buluu ya kufulia kwenye kizibo, akachovya brashi, akavuta mchirizi juu ya bawa la kushoto kutoka katikati kwenda nyuma. Akautazama. Akaufuta. Kesho yake akauvuta tena, akaufuta. Nikasema moyoni, mzee wa watu ameanza kupotea.

Jumanne, siku nne kabla ya maonyesho, alitoka kwenda kununua vanishi. Mimi nilikuwa nimemaliza sare kumi na mbili za shule na meza imejaa vipande vya nyuzi. Nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta upande wangu. Nikaona ndege yake ina buluu imetapakaa juu ya bawa. Nikasema huyu kamwaga dawa yake, na yeye ni Sabuni, itamuuma. Roho nzuri ikaniingia, mara moja kwa mwaka huwa inaniingia. Nikalifuta bawa mpaka likang'aa, nikamrudishia ndege yake mahali pake, nikakaa nikisubiri kushukuriwa.

Alirudi, akaweka chupa ya vanishi mezani, akasimama.

"Umefuta?"

"Nimekusafishia. Buluu ilikuwa imemwagika."

Aliketi. Nilimwona rangi inamtoka usoni, nikajiandaa kutukanwa, na jibu nilikuwa nalo tayari.

"Na kitambaa kiko wapi?" akauliza.

"Nimeshakifua."

Akacheka, lakini si cheko la mtu mwenye furaha. "Hata mimi nilikifua," akasema.

Dada alikuwa mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi. Shemeji hakumtazama yeye wala mimi, alilitazama bawa, na akasema yote mfululizo kama mtu anayesoma.

Ndege ile mifuniko ya matangi yake iko juu ya mabawa. Huwezi kuifikia bila ngazi, na aliye ndani hawezi kuiona. Asubuhi ile, miaka thelathini na moja iliyopita, alijaza tangi la kulia akafunga, akajaza la kushoto, na kabla hajaufunga mfuniko, mkubwa wake akamwita asaini karatasi. Alishuka, akasaini, akaiondoa ngazi. Rubani akamuuliza, umefunga yote, Fundi? Akajibu, nimefunga, afande. Wakati huo hakuwa anadanganya, mkono wake uliamini umefunga. Ndege ikiruka, upepo unaopita juu ya bawa unayafyonza mafuta kutoka tundu lililo wazi, na matangi yale mawili yameungana kwa bomba, likikauka moja limekauka la pili. Geji ilikuwa mbovu tangu enzi na enzi. Injini ikazima. Rubani akaiteremsha kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, magurudumu yakapinda, yeye akatoka mzima.

Shemeji ndiye aliyekuwa na gari la vipuri, ndiye aliyefika wa kwanza. Alipanda juu. Mfuniko ulikuwa unaning'inia kwenye mnyororo wake mdogo, na kutoka kwenye tundu mpaka ukingo wa nyuma wa bawa kulikuwa na mchirizi wa buluu, maana mafuta yale yalitiwa rangi hiyo ili yajulikane. Upana wa kiganja. Rubani alikuwa amekaa chini, ameipa ndege mgongo, ramani juu ya goti na penseli mkononi.

"Alikuwa anapiga hesabu upya," shemeji akasema. "Mimi niko juu ya bawa, yeye yuko chini anatafuta alipokosea. Nikaufunga mfuniko. Nikatoa kitambaa mfukoni. Dakika mbili, shemeji. Bawa likawa safi kama sahani."

Wachunguzi walipofika walikuta tangi kavu, mfuniko umefungwa, bawa halina doa. Ikabaki hesabu ya rubani. Alibisha, hakuna aliyemsikiliza. Miaka miwili baadaye shemeji alipewa cheti, kwa ndege ileile, maana toka siku hiyo hakuweza kuona tone la kitu juu yake asilifute.

Niliona haya kwa ajili yake na nilimwonea huruma, na hasira nayo ilikuwepo, vyote kwa pamoja. Dada aliweka sufuria chini.

"Miaka thelathini na moja umelala pembeni yangu na hilo," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nakipangusa hicho cheti kila Ijumaa, wewe unanitazama."

"Ndiyo, mke wangu."

Dada alikwenda ukutani, akakishusha, akakiweka mezani mbele yake, kioo juu. "Changanyia rangi humo," akasema, akarudi jikoni.

Nilidhani ni ukali tu. Lakini shemeji alikitazama kidogo, kisha akamimina buluu juu ya kioo, katikati, pale palipoandikwa jina lake, na akachukua brashi. Nikainuka nikahamisha cherehani yangu. Nilimpa upande wa dirishani, wenye mwanga. Ndiyo samahani niliyokuwa nayo.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi namna ile. Mchirizi wa kweli, alisema, haunyooki kama rula. Unaanza mwembamba kwenye tundu, unapanuka, unafifia ukingoni, na pale mabati yanapoungana unajikusanya kidogo. Wa kwanza ulikuwa wa buluu iliyokolea mno, kama wino, akaufuta. Wa pili ulinyooka. Wa tatu aliuharibu kwa kupiga chafya. Jumatano ikaisha hivyo. Alhamisi alitoboa tundu la tangi kwa sindano ya cherehani yangu, akachonga mfuniko kutoka kichwa cha pini, na mnyororo akausokota kwa nyuzi mbili za shaba alizozitoa kwenye waya wa pasi mbovu. Mimi ndiye niliyemshikia kwa kibano, nimebana pumzi, na mgongo ukaniuma siku mbili. Akafuta wa saba, akafuta wa nane. Nilimwambia wa nane ulikuwa mzuri.

"Mzuri, lakini sio ule," akasema. "Ule naujua."

Ijumaa mchana alivuta wa tisa. Alisogeza kiti nyuma, akautazama muda mrefu, na kitambaa cha kufutia hakukigusa, nikajua ndio wenyewe. Ulipokauka alipulizia vanishi.

"Sasa haufutiki," akasema.

Halafu akavaa shati lililopigwa pasi, akajikaza kisabuni, na jina lake kwa mara ya kwanza likamfaa, akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya udereva na kadi ya mwaliko mkononi. Hakuvuka barabara. Aliporudi dada, aliyekuwa hajamsemesha tangu Jumanne, ndiye aliyeuliza.

"Atakuja?"

"Amesema atapita akitoka kujaza mafuta."

Maonyesho hufanywa kwenye ukumbi wa maktaba, meza zimefunikwa karatasi nyeupe, kila ndege na namba yake. Daktari wa meno alifika kwetu na fomu za alama, akainama, akafurahi kama mzazi. "Hatimaye Sabuni amechafuka," akasema. Kisha akaguna. "Lakini doa moja tu? Na mbona mfuniko umeuacha wazi? Hilo ni kosa, nitakukata alama."

"Ni kosa, Daktari," shemeji akasema. "Kata."

Nusu Tangi aliingia saa nne na nusu, funguo za gari mkononi. Alipita meza za mwanzo kwa adabu tu, mpaka akafika kwetu na kuiona namba ya mkiani. Akasimama.

"Hii ni yangu," alisema.

Alichuchumaa kwanza, akaitazama kupitia kioo cha mbele, usawa ule aliokuwa akikaa. Akatazama mlango, magurudumu, tumbo. Alikuwa karibu kutabasamu. Kisha akainuka, na kwa kuwa ni mrefu, akaiona kutoka juu. Tabasamu halikufika. Aliuona mfuniko ukining'inia kwenye mnyororo wake, akaufuata mchirizi kwa macho mpaka ukingoni, akarudi nao mpaka kwenye tundu.

"Kushoto," akasema.

"Kushoto, afande."

"Ulikutwa umefungwa."

"Niliufunga mimi, shambani, wewe umekaa na ramani yako. Doa nililifuta mimi." Sauti ya shemeji ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, watu wa meza ya jirani wakageuka, naye hakuishusha. "Hesabu yako ilikuwa sawa, afande. Ilikuwa sawa siku ile na ni sawa leo."

Mzee yule alitazama funguo zilizokuwa mkononi mwake kama anajiuliza ni za nini.

"Niliipiga ile hesabu miaka yote," akasema taratibu. "Mke wangu amekufa akijua mimi ni mzembe."

Dada yangu alisogea akasimama ubavuni kwa mumewe, ndiyo mara ya kwanza wiki ile.

"Andika," Nusu Tangi akasema.

Hakukuwa na karatasi. Daktari, mdomo wazi, alitoa fomu ya alama ya ndege yetu na kalamu. Shemeji akaigeuza nyuma, akaandika akiwa ameinama mezani: jina, namba yake ya jeshi, tarehe, mfuniko, kitambaa. Akasaini. Mzee alisoma, akairudisha.

"Weka na saa," akasema.

Shemeji akaweka na saa. Nusu Tangi akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akatoka. Hakumpa mkono. Mwaka huo ndege ya shemeji haikupata nafasi yoyote, hata ya mwisho, kwa kuwa alama zake zilikuwa upande wa pili wa karatasi ile, na daktari hakuwa na moyo wa kuzikadiria upya.

Wiki tatu tuliishi bila habari. Kioo cha cheti bado kiko mezani na buluu yake iliyokauka, hakuna anayekiosha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi honi ikalia nje. Gari la Nusu Tangi lilikuwa getini, kibao cha mafunzo kimeng'olewa, masanduku mpaka juu.

"Nimekuja kuchukua ndege yangu," alimwambia shemeji.

Shemeji aliifunga kwenye kisanduku kwa pamba ya masikioni yote iliyobaki nyumbani. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka kiti cha mbele, akaifunga mkanda.

"Karatasi nimeifikisha kambini," akasema. "Watakuita."

"Nitakwenda, afande."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, akawasha gari. Mimi nilikuwa nimeinama dirishani, kwa umbea wangu, nikaona mshale wa mafuta umelala chini ya robo. Nikashtuka.

"Mwalimu, mafuta yako yamekwisha," nikamwambia. "Kituo kiko hapo kwenye kona."

"Nimepiga hesabu," akasema. "Yanatosha."

Akakipita kituo bila kupunguza mwendo, nasi watatu tukabaki getini tukimtazama.